Git, Forgejo na Codeberg mikononi mwa kikundi kidogo cha Mtwara: tathmini baada ya msimu mmoja wa korosho

Tathmini hii inahusu zana tatu ambazo kikundi chetu cha watu sita kimezitumia tangu mwaka 2024 kuandaa programu huria ya daftari la mizani kwa ajili ya vyama vya msingi vya wakulima wa korosho. Ya kwanza ni Git, programu inayotunza historia ya kila badiliko linalofanywa katika msimbo, yaani maandishi yanayounda programu. Ya pili ni Forgejo, programu ya seva inayoipa Git kurasa za kusomea, kujadiliana na kukagua kazi ya mwenzako. Ya tatu ni Codeberg, huduma yenye makao Berlin, Ujerumani, ambayo inatumia Forgejo hiyohiyo kuhifadhi miradi huria ya watu wa nchi mbalimbali. Zote tatu hazilipiwi, kwa hiyo sitakuwa na la kusema kuhusu bei isipokuwa bei ya bando, ambayo kwetu sisi ndiyo bei yenyewe.

Wawili kati yetu tunaishi Mtwara mjini, mmoja Shangani na mwingine Chikongola. Mwalimu wa hesabu yuko Newala, aliyewahi kuwa karani wa chama cha msingi yuko Masasi, mwingine yuko Lindi, zaidi ya kilomita mia moja kutoka hapa, na wa sita ni mwanafunzi wa chuo kimoja cha Dar es Salaam ambaye hurudi kwao Mikindani wakati wa likizo. Tumewahi kukaa wote sita katika chumba kimoja mara mbili tu, na mara zote mbili sehemu kubwa ya muda iliishia kwenye sahani ya ming'oko. Ni wawili tu kati yetu walioanza wakiwa na ujuzi wa kuandika programu; wengine wamejifunza huku wakifanya kazi, na hilo nimelizingatia katika kila ninachokisifu au kukilaumu hapa chini.

Kipimo nilichokitumia ni kimoja: siku ambayo mtandao haupo, kazi inaendelea au inasimama? Kipimo hicho hatukukitafuta, tulipewa. Mei 4, 2024 Kimbunga Hidaya kiliingia katika pwani yetu, na mvua za siku zile zikaikata barabara ya kwenda Dar es Salaam katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Siku nane baadaye, Jumapili ya Mei 12, mikonga miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ikapata hitilafu na intaneti ikazorota nchi nzima. Mradi wetu ulikuwa na umri wa wiki chache tu, na wakati huo msimbo wetu ulikuwa umehifadhiwa katika huduma nyingine ambayo nitaizungumzia baadaye bila kuitaja jina.

Kilichotokea katika siku zile ndicho kilichonifundisha namna ya kuzitathmini zana hizi. Kwa upande wa msimbo, hakuna aliyesimama. Mwalimu wa Newala alikamilisha hesabu za makato, karani wa Masasi akasahihisha majina ya madaraja ya korosho, nami nikaendelea na ukurasa wa kupokelea magunia, kwa sababu kila mmoja alikuwa na nakala kamili ya mradi katika kompyuta yake, pamoja na historia yake yote. Upande wa mpango, mambo yalikuwa kinyume kabisa. Makubaliano yetu kuhusu nani anafanya nini, na hasa jinsi ya kushughulikia nusu kilo inayobaki kwenye mizani, yalikuwa yameandikwa katika kurasa za majadiliano za ile huduma, na kurasa hizo hazimo ndani ya Git. Zimo katika hifadhidata ya mwenye huduma. Mtandao uliporejea tukakuta watu wawili wameandika kazi ileile kwa njia mbili, mmoja akikadiria kilo gunia kwa gunia na mwingine akikadiria jumla ya mzigo mzima. Mkulima mwenye magunia ishirini angepata uzito mmoja kwa njia ya kwanza na mwingine kwa njia ya pili.

Uwezo huu wa Git wa kufanya kazi bila mtandao haukutokea kwa bahati. Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo endeshi wa Linux, alianza kuiandika Aprili 2005, baada ya wasanidi wa Linux kuondolewa ruhusa ya kutumia bure programu ya BitKeeper waliyokuwa wakiitegemea, na kufikia Julai mwaka huohuo alikuwa amekabidhi usimamizi wake kwa Junio Hamano. Watu wa Linux walikuwa wametawanyika duniani na walizoea kutumiana viraka, yaani mabadiliko yaliyoandikwa katika faili dogo, kwa barua pepe, kwa hiyo walihitaji chombo ambacho hakimlazimishi mtu kuomba ruhusa ya seva ili aweze kuweka kumbukumbu ya kazi yake. Zana za kabla yake zilizotumika sana, kama CVS na Subversion, huiweka historia mahali pamoja, na ukiikosa seva hiyo huwezi hata kuhifadhi badiliko. Kwa mtu wa Newala ambaye mtandao wake hutegemea upepo umevumia wapi, tofauti hiyo inatosha kumaliza mjadala wa kuchagua.

Jambo la pili ninaloisifia Git nililielezwa na mtu ambaye hajawahi kuiona. Ni mzee mmoja wa Tandahimba aliyewahi kuwa mwenyekiti wa chama cha msingi, tuliyemwendea kumwomba tuone daftari lake la zamani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sasa niambie, hilo daftari lenu la kwenye kompyuta, mtu akifuta mstari usiku, mimi asubuhi nitajuaje?"

Nikamweleza kwamba tulizungumzia madaftari mawili, la wakulima na la sisi wenyewe tunaoandika programu, na kwamba katika hilo la pili aliyekosea hafuti bali huandika mstari mwingine wa kuurekebisha ule wa kwanza, na jina lake hubaki pembeni pamoja na saa.

"Basi ni kama la mizani," akasema. "Karani akikosea kilo hachani karatasi. Anapiga mstari, anaandika upya, anatia saini, na mkulima anaona."

Sijawahi kusoma maelezo ya Git yaliyo mafupi na sahihi kuliko hayo. Kila badiliko lililokamilika, ambalo vijana hapa huliita komiti, hubeba jina la aliyelifanya, muda wake, maelezo yake, na alama ya herufi na tarakimu 40 inayokokotolewa kutokana na yaliyomo pamoja na alama ya komiti iliyotangulia. Ukigusa komiti ya zamani, alama yake inabadilika, na alama za zote zilizofuata zinabadilika nayo, hivyo mwenye nakala nyingine hugundua mara moja kwamba kuna karatasi iliyochanwa. Hata hivyo, Git yenyewe haimkatazi mtu kuchana. Kusukuma ni kupeleka komiti zako kwenye seva, na ipo amri ya kusukuma kwa nguvu, ambayo huifuta historia iliyo kwenye seva na kuweka yako, na mgeni wa Git akikwama huelekezwa amri hiyo na mtu wa kwanza anayekutana naye. Forgejo na Codeberg zinakuruhusu kulilinda tawi kuu, yaani ule mkondo wa komiti wenye kazi iliyokubaliwa na wote, ili amri hiyo ikataliwe kwa kila mtu, hata mwenye mradi. Ushauri wangu ni kwamba ulinzi huo uwekwe siku ya kwanza, kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo, maana sisi tuliuweka siku ya arobaini na kitu, tukiwa tayari tumeshachana.

Kuhusu majina, kuna tatizo ambalo wenye kompyuta za peke yao hawawezi kulifikiria. Git haimuulizi mtu yeye ni nani kila anapofanya kazi. Inatumia jina lililoandikwa katika mipangilio ya kompyuta. Mwanafunzi wetu alikuwa akitumia kompyuta mpakato ya binamu yake, na kwa miezi miwili kazi yake yote ilisomeka kwa jina la binamu huyo, ambaye ni fundi wa majokofu na hana habari kwamba ni mchangiaji mkubwa wa programu huria. Dawa ni rahisi, kwani jina linaweza kuwekwa kwa kila mradi peke yake badala ya kompyuta nzima, lakini hakuna kitu katika Git kinachokuonya kwamba uliyekaa kwenye kiti siye aliyeandikwa.

Sifa ya tatu ni njia za kusafirisha kazi. Watu wengi hudhani kwamba Git ni lazima iongee na seva. Ukweli ni kwamba inaweza kufunga historia yote, au sehemu iliyoongezeka tangu mara ya mwisho, katika faili moja kwa amri ya git bundle, na faili hilo likafunguliwa upande wa pili kana kwamba ni seva. Sisi tunaliita furushi. Katika ile Mei furushi letu la kwanza lilisafiri kwenda Newala ndani ya flashi iliyobandikwa kwa selotepu kwenye karatasi yenye namba ya simu, mkononi mwa kondakta wa basi, na lilifika kabla ya ujumbe wa simu uliokuwa unalitangulia. Njia nyingine ni kiraka, yaani faili dogo la maandishi linaloonyesha mistari iliyoondolewa na iliyoongezwa. Kiraka cha kilobaiti tatu au nne hupita kama hati ya kawaida kwenye WhatsApp, na mpokeaji akikibandika, komiti huingia ikiwa na jina la mwandishi wake wa awali. Tahadhari ni moja: kitumwe kama faili, kisinakiliwe ndani ya ujumbe, kwa sababu nafasi za mwanzo wa mistari huharibika na kiraka hakishiki tena.

Sifa ya nne niliiona Oktoba, wakati wa minada ya kwanza. Chama kimoja cha msingi kilikuwa kimekubali kuijaribu programu yetu sambamba na daftari lao la karatasi, na karani wao akagundua kwamba kilo za daraja la pili zilikuwa zinajumlishwa kwenye daraja la kwanza. Kosa hilo halikuwepo mwezi Agosti. Kati ya Agosti na Oktoba zilikuwepo komiti zinazokaribia mia tatu, na Git inayo amri iitwayo bisect ambayo hukupeleka katikati ya safu hiyo, ikakuuliza kama hapo kosa lipo au halipo, kisha ikagawa tena nusu iliyobaki. Kwa komiti mia tatu maswali hayazidi tisa. Tulilipata badiliko lenyewe kabla chai haijapoa: mistari minne, iliyoandikwa na mimi, chini ya maelezo yasemayo "marekebisho madogo". Tangu siku hiyo maelezo ya namna hiyo yanakataliwa katika mradi wetu, na kila komiti inatakiwa kubeba jambo moja na kusema kwa nini limefanyika, maana bisect hufaa kwa kadiri ya udogo wa komiti zako.

Sasa kasoro. Lugha ya amri za Git ni ngumu bila sababu ya msingi. Kwa miaka mingi amri ya checkout ilikuwa na kazi mbili zisizohusiana, ya kuhama tawi na ya kurudisha faili katika hali yake ya zamani, na aliyekusudia ya kwanza angeweza kufanya ya pili na kupoteza kazi ya mchana mzima. Toleo la 2.23 la Agosti 2019 lilileta amri mbili tofauti, switch na restore, lakini mafunzo mengi yanayosambazwa bado ni ya zamani. Mwalimu wetu wa Newala, ambaye ni mwepisi wa kuelewa kuliko mimi, alihitaji wiki tatu kuamini kwamba hawezi kuharibu kitu. Tulimwandikia ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye amri nane tu, na mpaka leo hajahitaji ya tisa.

Kasoro nyingine ni kwamba Git haikutengenezwa kwa ajili ya picha na faili kubwa zisizo za maandishi, na hapa ndipo tulipopata msukosuko wetu mkubwa. Mmoja wetu, kwa nia njema, aliweka ndani ya mradi picha za kurasa za daftari la kweli la mizani ili wenzake waone mpangilio wa safu. Picha zilikuwa za megabaiti sitini kwa jumla, na kila aliyevuta kazi siku hiyo alilipa bando la picha hizo. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba kurasa zilikuwa na majina ya wakulima, namba zao za simu na kilo zao. Alipoambiwa akazifuta na kuweka komiti mpya, akidhani yamekwisha, ilhali sifa ileile iliyomfurahisha mzee wa Tandahimba ndiyo iliyotugeuka: kilichofutwa leo kinabaki katika historia ya jana, na yeyote anayechukua nakala anakipata.

Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na hata isingekuwepo, mkulima hakutupa namba yake ili isomwe Berlin. Bahati yetu ni kwamba mradi ulikuwa bado haujafunguliwa kwa umma. Ilibidi tutumie zana ya pembeni iitwayo git filter-repo kuandika upya historia yote bila picha zile, tukaondoa kwa muda ulinzi wa tawi kuu, tukasukuma kwa nguvu, na kila mmoja akatupa nakala yake na kuchukua mpya. Kazi hiyo ilichukua siku mbili kuiratibu kwa simu, kwa kuwa mtu mmoja tu akisahau na kusukuma nakala ya zamani, picha zinarudi. Tangu hapo mradi una wakulima wa kubuni hamsini, wenye magunia ya kubuni na namba za simu zisizoweza kupigwa, na orodha ya aina za faili ambazo Git inatakiwa kuzipuuza iliandikwa siku hiyohiyo.

Kasoro ndogo yenye kero kubwa: Windows humaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana na Linux kwa moja. Aliyeko Lindi anatumia Windows, na kila alipogusa neno moja Git ilionyesha kwamba amebadilisha faili zima. Faili liitwalo .gitattributes lenye mstari mmoja hulimaliza tatizo hilo, liwekwe mwanzoni.

Kuhusu mpango wa matawi, tulianza kwa kuiga mtindo uliotungwa mwaka 2010 na Mholanzi Vincent Driessen, wenye tawi kuu, tawi la maendeleo, matawi ya vipengele, ya matoleo na ya dharura. Ni mtindo uliofikiriwa vizuri, ila kwa watu sita ulikuwa sawa na chama cha msingi chenye wanachama sita na kamati saba. Mwaka 2020 mwandishi mwenyewe aliongeza angalizo kwamba programu zinazosasishwa mfululizo zinafaa utaratibu mwepesi zaidi. Sisi tuna tawi kuu moja lililolindwa, na kila kazi hufunguliwa tawi dogo lisiloishi zaidi ya wiki moja, likaombewa kuunganishwa, likasomwa na mtu mmoja ambaye siye aliyeliandika. Mwezi wa minada, msomaji akichelewa siku tatu, mwandishi anaruhusiwa kuunganisha mwenyewe isipokuwa katika faili za makato. Hizo hazipiti bila macho ya mwalimu na ya karani wote wawili.

Ninakuja kwenye huduma za kuhifadhi. Ziko nyingi, tangu SourceForge ya mwaka 1999 hadi GitHub ya mwaka 2008, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2018, na wanaotafuta wachangiaji wengi wasiofahamiana nao wataendelea kwenda kwenye watu wengi. Ile tuliyoanza nayo, ambayo jina lake nimesema nitaliacha, ilifunga akaunti ya mwenzetu mmoja kwa siku tisa baada ya kuingia kwa laini mbili tofauti za simu katika siku moja, jambo ambalo huku ni la kawaida kwa kila mtu anayefuata bando la bei nafuu. Barua tulizoandika zilijibiwa na mashine. Hatukupoteza msimbo, lakini katika siku hizo mwenzetu hakuweza hata kusoma maswali aliyoulizwa.

Codeberg tuliichagua kwa sababu mbili. Inaendeshwa na chama kisicho cha faida kilichoanzishwa Berlin mwaka 2018, kinachotegemea michango na ada za wanachama, na mtu wa ushirika anaelewa bila kuelezwa tofauti kati ya duka na chama. Tena inapokea miradi huria tu, hivyo kabla ya kuingia lazima uwe umeshaamua leseni yako. Watu wengi huahirisha jambo hilo wakidhani kwamba msimbo ukiwa wazi basi ni huria, kumbe usipoandika leseni haki zote zinabaki kwako kisheria na hakuna mwenye ruhusa ya kuutumia. Sisi tulibishana kati ya MIT, inayomruhusu mtu kuchukua msimbo na kuufungia ndani ya bidhaa yake, na GPL toleo la 3 la mwaka 2007, inayomtaka anayesambaza programu aliyoibadilisha atoe na msimbo wake. Karani wa Masasi ndiye aliyetuamua, kwa kuuliza swali moja tu: kama mfanyabiashara akiichukua, akaongeza kitufe kimoja na kuviuzia vyama vyetu wenyewe kila msimu, tutajisikiaje? Tukachagua GPL.

Forgejo, ambayo ilijitenga na programu mama yake, Gitea, mwaka 2022, ndiyo iliyonishangaza. Ni faili moja la programu, haihitaji hifadhidata nyingine zaidi ya SQLite, ambayo ni hifadhidata ndogo ya faili moja, na tuliiweka katika kompyuta ya mezani ya zamani hapa Shangani iliyokuwa imestaafishwa kazi ya kuchapa barua. Sisi wa Mtwara mjini tunaitumia kama kituo cha karibu, nayo hupeleka nakala Codeberg yenyewe kila mtandao unapokuwepo. Kurasa zake ni nyepesi na hufunguka hata kwenye simu janja ya bei ya chini. Lakini ijulikane kwamba kinachopelekwa ni historia ya Git peke yake. Novemba, katikati ya minada, diski ya kompyuta hiyo ilikufa. Msimbo tuliurudisha kutoka kwa nakala ya Masasi ndani ya nusu saa, bila kukosa hata komiti moja, ila majadiliano ya wiki kadhaa yaliyokuwa katika hifadhidata ya Forgejo yalikwenda na diski, kwa kuwa hatukuwa tumeichukulia nakala ya akiba. Kosa lilikuwa letu, na lilikuwa kosa lilelile la mwezi Mei katika nguo nyingine.

Safari hii, hata hivyo, halikutuumiza sana, kwa sababu baada ya Mei tulikuwa tumeanzisha ndani ya mradi folda iitwayo mpango. Humo kila uamuzi una faili lake la maandishi matupu, lenye namba, tarehe, swali lililokuwepo, njia zilizopendekezwa, iliyochaguliwa na sababu yake, kwa Kiswahili. Uamuzi wa tatu unasema kilo zikadiriwe mara moja kwenye jumla ya mzigo wa mkulima, si gunia kwa gunia. Uamuzi hauingii mpaka upite katika njia ileile ya msimbo, yaani tawi dogo, ombi, msomaji mmoja, na ukibadilishwa baadaye faili la zamani halifutwi bali huandikwa juu yake namba ya uamuzi ulioliondoa. Orodha ya kazi nayo ni faili humohumo, kila mstari ukiwa na jina la mwenye kazi. Kurasa za majadiliano za Forgejo na Codeberg tunaendelea kuzitumia, lakini kwa kubishana tu; tukishakubaliana, mmoja anapewa jukumu la kuyaandika makubaliano kwenye folda kabla ya kulala. Mpango unasafiri ndani ya furushi lilelile linalobebwa na kondakta, na aliyeko Newala akiwa gizani anausoma.

Kwa kikundi chenye watu wachache, wenye mtandao wa kubahatisha na wanaoaminiana kiasi, ningependekeza Git bila kusita, na Codeberg kwa yeyote aliyeamua kwa dhati kuwa huria. Forgejo ya nyumbani ningeipendekeza kwa aliye tayari kuchukua nakala ya akiba kila usiku na kununua kifaa cha kushikilia umeme. Asiye tayari aishie Codeberg. Anayeandaa kitu kinachojaa picha, kama katalogi ya vinyago vya Kimakonde, atafute ushauri mwingine kwanza.

Toleo letu la sasa ni 0.3.0, na sifuri ile ya mbele itabaki mpaka chama kimalize msimu mzima bila daftari la karatasi pembeni. Katika orodha ya kazi umebaki mstari mmoja usio na jina la mtu: neno la Kiswahili la komiti. Mwalimu anataka muhuri, wa Lindi anataka kumbukumbu, karani anasema hayo yote yana maana nyingine mezani kwake, na mwanafunzi ameshaandika "komiti" mahali kumi na saba katika mwongozo na hataki kurudi nyuma.